SS Khedive Ismail

SS Khedive Ismail ilikuwa meli ya abiria iliyotumiwa na Uingereza kusafirisha wanajeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ilizamishwa na nyambizi ya Japani tarehe 12 Februari 1944 katika Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Maldivi, ikiwa safarini kutoka bandari ya Kilindini (Mombasa, Kenya) kwenda Colombo (Seiloni, leo Sri Lanka).

Kati ya watu 1,511 waliokuwa ndani, 1,297 walikufa na 214 tu waliokolewa. Kundi kubwa la abiria lilikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Waliokufa ni pamoja na wanawake 77, wengi wao wauguzi wa jeshi. Katika historia ya majeshi ya Uingereza na nchi zilizokuwa chini yake, hakuna tukio jingine moja lililoua wanawake wengi hivyo waliokuwa katika huduma ya jeshi.

Jina

Meli ilipewa jina la Ismail Pasha, aliyetawala Misri kwa cheo cha Khedive tangu mwaka 1863 hadi 1879. Ndiye aliyekuwa mtawala wakati Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869. Anajulikana pia katika historia ya pwani ya Afrika Mashariki: mwaka 1875 alituma wanajeshi kwa meli wakateka Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Wamisri waliondoka baada ya muda mfupi kwa shinikizo la Uingereza.

Herufi SS mbele ya jina huonyesha kwamba meli iliendeshwa kwa nguvu ya mvuke.

Kujengwa na kazi ya kwanza

Meli hii ilijengwa na kampuni ya Scotts huko Greenock, Uskoti, ikashushwa majini mwaka 1922. Jina lake la kwanza lilikuwa Aconcagua, ambalo ni jina la mlima mrefu kuliko yote ya Amerika Kusini. Wenyewe walikuwa kampuni ya Chile iitwayo Compañía Sudamericana de Vapores. Ilikuwa na ukubwa wa zaidi ya tani 7,000 na injini za mvuke za aina ya tabini zilizozungusha rafadha mbili.

Kazi yake ilikuwa kubeba abiria na mizigo kati ya Valparaíso (Chile) na New York (Marekani) kwa kupitia Mfereji wa Panama. Mdororo mkubwa wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 uliharibu biashara ya Chile, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 meli iliondolewa katika kazi hiyo ikarudishwa kwa wajenzi wake.

Mwaka 1935 ilinunuliwa na kampuni ya Misri ya Khedivial Mail, ikapewa jina la Khedive Ismail, ikaanza kusafiri katika Bahari ya Mediteranea.

Kuchukuliwa kwa ajili ya vita

Mwaka 1940 serikali ya Uingereza iliichukua meli na kuigeuza kuwa meli ya wanajeshi. Usimamizi wake ulikabidhiwa kwa kampuni ya British India Steam Navigation, ambayo meli zake zilijulikana sana katika bandari za Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam kwa sababu zilisafiri kati ya Bombay na pwani ya Afrika.

Mnamo Aprili 1941 Khedive Ismail ilikuwa kati ya meli zilizotumwa Ugiriki kuondoa majeshi ya Uingereza, Australia na New Zealand yaliyokuwa yakishindwa na Wajerumani. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Aprili ilifika karibu na mji wa Nafplio, lakini haikupata nafasi ya kupakia askari, ikaondoka bila mtu. Meli ya Uholanzi Slamat, iliyokuwa pamoja nayo, ilichelewa kuondoka ili ipakie watu wengi zaidi. Kulipokucha ilishambuliwa na ndege za Ujerumani ikazama. Manowari mbili zilizowaokoa watu wake, Diamond na Wryneck, zilizamishwa nazo siku ileile. Karibu watu 1,000 walikufa. Khedive Ismail iliponea hapo, ikaendelea na kazi kwa karibu miaka mitatu zaidi.

Namna meli za wanajeshi zilivyofanya kazi

Kabla ya ndege kubwa za abiria kuenea, njia pekee ya kupeleka jeshi zima ng'ambo ilikuwa meli. Nchi zilizopigana hazikuwa na meli za kutosha zilizojengwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo zilichukua meli za abiria na kuzibadilisha. Mapambo na samani ziliondolewa. Ngama za mizigo na kumbi zilijazwa meza, mabenchi na vitanda vya kuning'inia, na mizinga michache ilifungwa kwenye sitaha. Meli iliyobeba mamia ya watu wakati wa amani ilibeba maelfu wakati wa vita. Mfano mkubwa ni Queen Mary ya Uingereza, ambayo mnamo Julai 1943 ilivuka Atlantiki ikiwa na watu 16,683.

Kulikuwa na njia mbili za kujikinga na nyambizi. Ya kwanza ilikuwa mwendo wa kasi: Queen Mary ilikwenda peke yake kwa sababu nyambizi za wakati huo hazikuweza kuifuata. Njia ya pili ilikuwa msafara: meli zisizo na mbio ziliwekwa pamoja katika safu, na manowari zikazunguka pembeni kuzilinda. Mara nyingi msafara ulipiga chenga, yaani ulibadilisha upande wa kuelekea kila baada ya muda, ili adui ashindwe kulenga.

Hatari kubwa ndani ya meli ya wanajeshi ilikuwa msongamano. Askari wa vyeo vya chini walikaa katika ngama, chini ya usawa wa maji au karibu nao. Kutoka huko hadi kwenye sitaha kulikuwa na ngazi chache nyembamba. Ndiyo sababu mazoezi ya kukimbilia mashua yalifanywa mara kwa mara, na kila mtu alitakiwa kuwa na jaketi lake la kuokolea karibu. Lakini mazoezi hayo yalisaidia pale tu meli ilipochukua muda kuzama. Meli iliyozama kwa dakika chache haikuwapa nafasi waliokuwa chini.

Askari wa Afrika Mashariki kuelekea Asia

Japani iliingia vitani mnamo Desemba 1941, na katika miezi michache ikateka Malaya, Singapore na sehemu kubwa ya Burma (leo Myanmar). Mnamo Aprili 1942 ndege zake zilishambulia Colombo na Trincomalee huko Seiloni. Baada ya hapo kikosi kikuu cha manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi kilihamia Kilindini. Hata wataalamu waliosoma mawasiliano ya siri ya Wajapani walihamishiwa Mombasa, wakafanya kazi katika majengo ya shule ya Allidina Visram.

Wakati huohuo Uingereza ilihitaji wanajeshi wa kulinda Seiloni na baadaye kurudi Burma. Majeshi ya Afrika Mashariki yalikuwa yamemaliza kazi Somalia na Ethiopia mwaka 1941, na Madagaska mwaka 1942. Brigedi ya 21 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Seiloni mapema mwaka 1942. Mnamo Februari 1943 iliundwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na brigedi za 21, 25 na 26, chini ya Meja Jenerali Charles Fowkes. Sehemu kubwa ya askari wake wa miguu walikuwa wa King's African Rifles, jeshi ambalo herufi zake KAR ziliingia katika Kiswahili kuwa neno "keya".

Askari walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland (leo Malawi) na Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia). Maofisa walikuwa Wazungu. Lugha iliyowaunganisha askari wa makabila mengi ilikuwa Kiswahili, pamoja na Kinyanja kwa waliotoka kusini. Wengi walikuwa watu wa bara. Safari ya kutoka Kilindini ndiyo iliyowapeleka kwa mara ya kwanza kwenye bahari kuu.

Divisheni haikuwa ya askari wa miguu tu. Ilihitaji pia mizinga, mafundi, madereva, wapiga simu na watumishi wa hospitali. Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki ilikuwa kati ya vikosi vilivyofunzwa kwa ajili ya vita hiyo. Kumfundisha mpiga mizinga kulichukua muda mrefu kuliko kumfundisha askari wa bunduki, kwa kuwa alipaswa kujua hesabu za umbali, matumizi ya vyombo vya kupimia na kazi ya pamoja kuzunguka mzinga mmoja.

Msafara KR 8

Misafara ya meli kutoka Kilindini kwenda Colombo ilipewa herufi KR na namba. Msafara KR 8 uliondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944, takriban wiki moja kabla ya kushambuliwa. Ulikuwa na meli tano za wanajeshi: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Roderick Whiteman, nahodha wa Khedive Ismail, ndiye aliyekuwa pia mkuu wa meli hizo tano.

Msafara ulilindwa na Hawkins, manowari kubwa ya aina ya kruza iliyokuwa imezeeka. Siku chache baada ya kuondoka walijiunga nao manowari mbili ndogo zenye kasi, Petard na Paladin, zilizokuwa na vyombo vya kutafuta nyambizi kwa mwangwi wa sauti pamoja na mabomu ya kulipuka chini ya maji.

Katika Khedive Ismail walikuwamo:
- askari na maofisa 996 wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki;
- wanamaji wa Uingereza zaidi ya 250 waliokuwa wakienda kujiunga na manowari za Seiloni;
- wauguzi wa jeshi 53 na matroni wao;
- wanawake 19 wa huduma ya wanawake ya jeshi la majini la Uingereza;
- wanawake wachache wa huduma nyingine za jeshi;
- mabaharia wa meli yenyewe, wengi wao kutoka Bara Hindi.

Nyambizi I-27

Nyambizi I-27 ilikuwa ya aina kubwa iliyoweza kusafiri mbali, ikiwa na urefu wa takriban mita 108. Ilianza kazi mwaka 1942. Mwishoni mwa Mei mwaka huo ilikuwa moja ya nyambizi zilizobeba nyambizi ndogo za watu wawili zilizoshambulia bandari ya Sydney, Australia.

Tangu mwaka 1943 iliongozwa na Toshiaki Fukumura na kufanya kazi kutoka kituo cha Penang, Malaya. Chini yake ilizamisha meli kadhaa katika Bahari ya Hindi na Bahari ya Uarabuni. Tarehe 28 Juni 1943 ilizamisha meli ya Norwei iliyoitwa Dah Puh ikiwa imetia nanga katika bandari ya Maskati, Omani. Kwa hiyo msafara KR 8 ulikutana na adui mwenye uzoefu.

Shambulio

Jumamosi tarehe 12 Februari 1944 msafara ulikuwa ukipita katika mlango mpana wa bahari kusini mwa Maldivi, kaskazini kidogo ya ikweta. Bahari ilikuwa shwari. Chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha, na abiria wengi walikuwa chini au kwenye kumbi wakipumzika.

Mnamo saa nane na nusu mchana I-27 ilifyatua torpedo nne. Mbili ziliipiga Khedive Ismail kwa kufuatana. Moja lililipuka upande wa nyuma, na la pili katika sehemu ya matanuri ya mvuke, likafuatwa na mlipuko mkubwa zaidi. Ngazi za kupandia kutoka ngama ziliharibiwa na meli ikalala ubavu mara moja. Hapakuwa na muda wa kushusha mashua kwa utaratibu. Walioweza kutoka ni wale waliokuwa juu, au waliokuwa karibu na madirisha wakajipenyeza na kuruka majini.

Masimulizi ya walioona yanatofautiana kuhusu muda. Wengine wanautaja kuwa chini ya dakika mbili, wengine dakika tatu. Yote yanakubaliana kwamba meli ilizama kabla askari waliokuwa chini hawajaweza kupanda. Nahodha Whiteman alikufa pamoja na meli yake.

Meli nne zilizobaki zilitawanyika na kuendelea na safari pamoja na Hawkins, kama kanuni za misafara zilivyoagiza. Meli ya abiria haikuruhusiwa kusimama kuokoa watu, kwa sababu ingekuwa shabaha rahisi. Petard na Paladin zilibaki nyuma.

Uamuzi wa Petard

Petard iliongozwa na Rupert Egan. Manowari hiyo ilikuwa na sifa tayari. Mnamo Oktoba 1942, katika Mediteranea, mabaharia wake waliingia ndani ya nyambizi ya Ujerumani U-559 iliyokuwa ikizama wakatoa vitabu vya siri vya mawasiliano, vilivyowasaidia sana Waingereza kusoma ujumbe wa Wajerumani. Wawili kati yao, Anthony Fasson na Colin Grazier, walizama nayo. Mnamo Desemba mwaka uleule Petard ilishiriki kuizamisha nyambizi ya Italia Uarsciek.

Mahali pa kuzama Khedive Ismail palikuwa na mamia ya watu wakielea kati ya mabaki, mafuta na maboya. Paladin ilishusha mashua kuanza kuwaokoa. Lakini vyombo vya kusikilizia vilionyesha kwamba nyambizi ilikuwa bado karibu, na kwamba ilikuwa imejificha chini ya eneo walimokuwa watu hao.

Egan alikabiliwa na mambo mawili yasiyopatana. Kama angesubiri mpaka watu wote waokolewe, nyambizi ingeweza kuipiga Paladin iliyosimama, au kuwafuata wenzao waliotangulia wakiwa na maelfu ya askari wengine. Kama angeshambulia mara moja, mabomu yake yangeua watu wa upande wake. Bomu linapolipuka ndani ya maji, mshindo wake husafiri mbali na kuharibu mapafu na matumbo ya mtu anayeelea, hata kama halikumgusa.

Egan aliamua kushambulia. Petard ilipita na kuangusha mabomu, na baadhi ya watu waliokuwa wameponea meli walikufa kwa mshindo huo. Wanamaji waliokuwa kwenye sitaha waliona waziwazi walichokuwa wakifanya. Uamuzi huo umejadiliwa tangu wakati huo. Wanaoutetea husema kwamba kazi ya manowari ya ulinzi ni kumwangamiza adui kwanza, na kwamba nyambizi ingeachwa ingeua wengi zaidi. Wanaoulaumu huona kwamba walioko majini walikuwa na haki ya kuokolewa kabla ya jambo lolote. Hakuna upande unaokana kwamba ulikuwa uamuzi wa kuchagua kati ya vifo na vifo.

Mwisho wa I-27

Baada ya mashambulio kadhaa I-27 iliharibika ikalazimika kupanda juu. Manowari zote mbili ziliifyatulia mizinga. Wajapani waliojaribu kufika kwenye mzinga wao waliuawa, lakini risasi za Waingereza hazikuweza kutoboa mwili wa ndani wa nyambizi, uliokuwa wa chuma kinene.

Paladin ilielekeza omo kwa nyambizi ili kuigonga. Petard iliona kwamba mgongano huo ungeiharibu Paladin yenyewe, ikatoa amri isifanye hivyo. Paladin iligeuka katika dakika ya mwisho, lakini bawa la chuma la nyambizi lilipasua ubavu wake na maji yakaanza kuingia. Ilibidi iache mapigano.

Petard ilibaki peke yake. Iliendelea kupiga mizinga, kisha ikaanza kutumia torpedo zake, moja baada ya nyingine. Sita zilikosa. La saba liliipiga I-27 ikapasuka na kuzama mnamo saa kumi na moja jioni, saa mbili na nusu hivi baada ya shambulio la kwanza. Fukumura na mabaharia wake 99 walikuwa ndani. Mmoja tu wa watu wa nyambizi alitoka hai na kuchukuliwa mateka.

Kwa tukio hilo Petard ilikuwa imeshiriki kuzamisha nyambizi za nchi zote tatu kuu zilizopigana na Uingereza: Ujerumani, Italia na Japani.

Waliookolewa, wanaume 208 na wanawake 6, walipelekwa Addu Atoll, kisiwa cha kusini kabisa cha Maldivi kilichokuwa na kituo cha siri cha jeshi la majini la Uingereza. Paladin iliyoharibika ilivutwa na Petard hadi hapo.

Hasara

Jumla ya waliokuwa ndani ya Khedive Ismail: 1,511
Waliokufa: 1,297
Waliookolewa: 214 (wanaume 208, wanawake 6)
Wanawake waliokufa: 77
Muda wa kuzama: kati ya dakika moja na nusu na dakika tatu

Sehemu kubwa ya hasara iliwapata askari wa Rejimenti ya 301, kwa sababu wao ndio waliokuwa wengi na wao ndio waliokaa chini kabisa katika meli. Kikosi kizima kilichofunzwa kwa miezi mingi kiliangamia kabla ya kufyatua mzinga hata mmoja dhidi ya Wajapani.

Kama ilivyokuwa desturi ya wakati wa vita, habari za kuzama kwa meli hazikutangazwa wazi mara moja, ili adui asijue matokeo ya kazi yake. Familia nyingi za Afrika Mashariki zilikaa bila kujua lililompata ndugu yao. Kwa jamii ambazo mazishi na kaburi ni sehemu ya kumuaga mtu, kifo cha baharini kilikuwa kigumu zaidi: hapakuwa na mwili, hapakuwa na mahali pa kwenda kuomboleza.

Divisheni ya 11 iliendelea na matayarisho yake Seiloni bila kikosi hicho. Kuanzia katikati ya mwaka 1944 iliingia Burma, ikapigana katika bonde la Kabaw wakati wa masika makali, magari yakizama katika matope na askari wakiugua malaria. Mnamo Desemba 1944 iliteka Kalewa kwenye mto Chindwin, na hivyo kufungua njia kwa majeshi ya Uingereza kusonga mbele hadi katikati ya Burma.

Misiba mingine ya meli za wanajeshi

Khedive Ismail ni mfano mmoja wa hatari iliyojulikana katika vita zote mbili kuu za dunia. Mingine inayohusu Afrika au inayolingana nayo ni:

SS Mendi. Tarehe 21 Februari 1917 meli hii iligongwa na meli nyingine katika ukungu karibu na kisiwa cha Wight, Uingereza. Ilibeba Waafrika wa Afrika Kusini waliokuwa wakienda kufanya kazi za jeshi Ufaransa. Zaidi ya 600 walikufa.

Lancastria. Tarehe 17 Juni 1940 ilizamishwa na ndege za Ujerumani karibu na Saint-Nazaire, Ufaransa, ikiwa imejaa askari na raia waliokuwa wakikimbia. Maelfu walikufa, idadi kamili haikuweza kupatikana kwa sababu watu walipanda bila kuandikwa.

Nova Scotia. Tarehe 28 Novemba 1942 ilizamishwa na nyambizi ya Ujerumani karibu na pwani ya Natal, Afrika Kusini. Ilibeba mateka wa Kiitalia waliotoka Massawa, Eritrea. Zaidi ya watu 800 walikufa.

Mendi inakumbukwa sana Afrika Kusini, ambako jina lake limepewa nishani ya taifa na manowari. Khedive Ismail, ambayo iliua watu wengi zaidi, haijulikani kwa kiasi hicho katika nchi za Afrika Mashariki. Sababu moja ni kwamba askari wake walitoka nchi kadhaa ambazo baadaye kila moja ilipata uhuru wake, na hakuna nchi moja iliyouchukua msiba huo kuwa wake. Sababu nyingine ni kwamba baada ya uhuru shule nyingi zilifundisha vita hiyo kama vita ya wakoloni, na habari za Waafrika waliopigana humo zilitajwa kwa ufupi.

Kumbukumbu

Majina ya askari wa Afrika Mashariki waliokufa katika Khedive Ismail yameandikwa kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Mnara huo ni wa wanajeshi waliokufa wakati wa Vita Kuu ya Pili katika sehemu hii ya dunia na ambao hawana kaburi linalojulikana, wakiwemo waliopigana Somalia, Ethiopia na Madagaska. Haupaswi kuchanganywa na sanamu za askari zilizoko katikati ya miji ya Nairobi na Dar es Salaam, ambazo ni za Vita Kuu ya Kwanza.

Wanamaji wa Uingereza wanakumbukwa kwenye minara ya jeshi lao la majini katika bandari za nchi hiyo, na mabaharia wa meli za biashara kwenye mnara wa Tower Hill, London. Mabaharia wa Bara Hindi waliopotea baharini katika vita hiyo wanakumbukwa Mumbai (India) na Chittagong (Bangladesh).

Mabaki ya meli yako kwenye maji ya kina kirefu kusini mwa Maldivi, pamoja na mabaki ya I-27 iliyoizamisha siku hiyohiyo.